Taco kwa chokaa ya tambuu, pweza kwenye chuma cha vitumbua

Kila anayesikia kwamba wikendi napika vyakula vya barabarani vya nchi za watu huniuliza vitu navipata wapi. Marikiti, soko letu hapa Mombasa, nawaambia, na hawaniamini. Lakini fikiria: chakula cha barabarani, iwe Mexico au Misri, hupikwa na mtu asiye na mtaji, kwa vitu vya bei nafuu vya soko la kwao, juu ya jiko moja na chuma kimoja. Ukiona maelekezo yanakutaka uagize pakiti saba kutoka ng'ambo, aliyeyaandika alikula chakula hicho hotelini.

Mimi si mpishi. Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya bandarini, na Jumamosi tunafunga adhuhuri. Nikitoka hapo napita sokoni na kikapu, na nyumbani wanajua jiko ni langu mpaka Jumapili usiku.

Nianze na taco, ule mkate mwembamba wa mahindi wa Mexico unaokunjwa na nyama ndani, maana ndiyo wengi huikatia tamaa. Unga wa ugali hautoi mkate wa taco. Utaukanda kwa maji moto, utautandaza, utapasuka pembeni, na ukiukunja tu unamomonyoka mkononi. Wamexico huchemsha mahindi mazima kwa chokaa kabla ya kuyasaga, ufundi wa zaidi ya miaka 3,000. Chokaa hulainisha ganda la punje, na ule utelezi unaotoka humo ndio unaoshikanisha donge.

Na chokaa ipo. Ni ile ile ya tambuu, inayouzwa pamoja na popoo na katu. Chagua nyeupe tupu, isiyotiwa rangi wala manukato, na usithubutu kugusa ile ya kupaka nyumba. Kwa kilo moja ya mahindi meupe makavu natia maji lita tatu, na kijiko kimoja kikubwa cha chokaa nilichokikoroga kwanza kwenye maji baridi. Sufuria iwe ya stili. Hizi zetu za aluminiamu chokaa huzila. Moto ukishika, maji hugeuka manjano, na punje nyeupe nazo hufuata rangi hiyo hiyo. Jiko lote hunukia ukuta mpya ulionyeshewa mvua. Baada ya nusu saa hivi toa punje moja, isugue kwa kidole gumba. Ganda likivuka bila kubishana, zima moto, funika, nenda kalale. Asubuhi unaosha kwa maji mengi, huku ukisugua, mpaka maganda yaliyolegea yatoke.

Mke wangu alipoiona chokaa ikiingia sufuriani alisimama mlangoni. "Baba Aisha, hiyo si itatutoboa matumbo?"

Nikamwambia maji yake yanamwagwa, na kinachobaki kina faida. Mahindi yana vitamini B3, lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati. Chokaa ndiyo inayoifungua. Wazungu waliyabeba mahindi kutoka Amerika wakauacha ufundi huu huko huko. Maskini waliokula mahindi tupu wakaandamwa na pelagra: ngozi kubabuka, tumbo kuharisha, akili kuvurugika. Daktari Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo Uhispania mwaka 1735, na mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa bado unaua watu kusini mwa Marekani.

"Na sisi wala sima je?"

"Sisi tunaokolewa na kitoweo."

Akaondoka, lakini nilimwona akiongeza maharagwe kwenye maji.

Kusaga ndiyo kazi. Kinu cha posho hakipokei mahindi yaliyolowa, kwa hiyo natumia mashine ya mkono ya kusagia nyama, napitisha mara tatu, halafu nakanda na chumvi. Donge likiwa sawa halinati kidoleni wala halipasuki ukilibonyeza. Pakiti ya maziwa iliyokatwa na kuoshwa hufaa sana: weka kidonge kati ya kurasa zake mbili, kandamiza kwa kitako cha sufuria nzito, bandua. Kwenye chuma cha chapati chenye moto mkali, upande wa kwanza nusu dakika, wa pili dakika moja, kisha geuza tena. Ukivimba katikati, umefaulu.

Nyama ya juu yake ina hadithi karibu na sisi kuliko mnavyodhani. Wahamiaji wa Kilebanoni waliofika Puebla, huko Mexico, katika karne ya 20 walikuja na shawarma yao, nyama inayochomwa kwenye chuma kinachozunguka. Wamexico wakaichukua, wakatia nguruwe, nanasi na rangi nyekundu ya mbegu za achiote, ikawa taco al pastor. Nguruwe kwangu haingii, natumia ng'ombe. Na achiote ni mrangi, ile ile biksa inayolimwa Kwale na kupelekwa kiwandani kutoa rangi ya vyakula! Watoto wa huko hupakana midomo kwa mbegu zake, na sisi tunahangaika kuitafuta kwenye maduka ya mtandaoni. Loweka mbegu kwenye siki ya moto, chuja, ichanganye na thomu, bizari nyembamba, pilipili kavu na maji ya nanasi. Saa mbili zinatosha. Nanasi bichi likikaa na nyama usiku kucha huifanya uji. Choma kama mishikaki, katakata, tia kitunguu kibichi, dania na ndimu.

Cha pili ni takoyaki, cha mtaani Osaka tangu miaka ya 1930: vidonge vya unga wa ngano vyenye kipande cha pweza ndani. Wajapani wana chuma maalumu chenye vishimo. Sisi tuna chuma cha vitumbua. Vishimo vyetu ni vipana zaidi, basi takoyaki yangu hutoka kubwa, na hakuna aliyelalamika.

Pweza nampiga, namchemsha mpaka alainike, na supu yake naitunza. Wao huchanganya unga kwa maji ya mwani na samaki mkavu. Mimi nachanganya kwa supu ya pweza mwenyewe, na sioni nilichopoteza. Gramu 100 za unga, yai moja, supu mililita 300. Ndiyo, ni mwepesi mno, utadhani umekosea. Mimina mpaka umwagike nje ya vishimo, tumbukiza pweza, kitunguu cha majani na chembe za bhajia zilizobaki karaini. Chini kukishika, zungusha robo tu kwa kijiti cha mshikaki huku ukisukumia ndani ule uliomwagika, kisha robo nyingine. Nje huwa kavu, ndani huwa laini kama uji mzito, na hapo ndipo penye ugomvi. Mama mkwe alikiuma kimoja akakirudisha sahanini.

"Mwanangu, vitumbua vyako havijaiva."

"Vimeiva, mama. Ndivyo vilivyo."

"Basi hao Wajapani wana haraka."

Chake huwa nakirudisha motoni. Si wa kubishana naye.

Koshari ya Misri sina haja ya kuisemea sana, kila kitu kiko kabatini kwako: wali, makaroni, kamande, dengu za kuchemsha, mchuzi wa nyanya. Kinachoiharibu ni uvivu wa kukaanga vitunguu. Viende mpaka kahawia iliyokoza, karibu kuungua, na mafuta yake yarudi kwenye mchuzi. Siki yenye thomu ikae mezani kila mtu ajitilie. Ndiyo chakula changu cha mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa bado.

Sasa nataka suya, mishikaki ya Wahausa wa Nigeria inayopakwa unga wa viungo. Nyama nimeimudu, ila unga wake unataka kuli-kuli, yaani mashudu ya njugu yaliyokaangwa makavu. Njugu za kusaga hazifai, mafuta yake hulowesha viungo vyote na moto huwaka juu ya nyama. Kama kuna anayemjua mtu anayekamua mafuta ya njugu, iwe Likoni au Kisauni, aniambie mashudu yake huyapeleka wapi.