Kumbukumbu ya mradi wangu: jedwali la tabiri zilizobaki wazi katika A Song of Ice and Fire

Vitabu vya mfululizo huu wa riwaya za kubuni vilivyokwisha kutoka ni vitano: A Game of Thrones (1996), A Clash of Kings (1998), A Storm of Swords (2000), A Feast for Crows (2005) na A Dance with Dragons (2011). The Winds of Winter na A Dream of Spring bado tunavisubiri. George R. R. Martin ametuachia tabiri nyingi zinazoning'inia, na jedwali hili linataka kuonyesha kila moja imefika wapi kwa ushahidi wa maandishi, kabla hatujaanza kubishana nani ni nani.

Jedwali lilivyo sasa

Safu ni saba: kitabu na mwaka wake, sura, anayetabiri, anayesikia, picha yenyewe, tafsiri inayotolewa na mhusika ndani ya hadithi, na hali (imefungwa, nusu, wazi). Picha moja inapata mstari mmoja. Ukiuweka utabiri mzima wa Maggy, mwaguzi aliyemtabiria Malkia Cersei, mstari mmoja, hutaweza kusema umetimia au la, kwa sababu vipande vyake havitimii pamoja.

Safu ya picha na safu ya tafsiri zisichanganywe hata kidogo. Mfano ni Melisandre, kuhani anayesoma maono motoni, katika A Dance with Dragons. Anaona motoni msichana aliyevaa kijivu, juu ya farasi anayekufa, akiikimbia ndoa. Anasema huyo ni Arya, dada yake Jon Snow. Anayefika Ukutani, ngome ya kaskazini anakokaa Jon, ni Alys Karstark, msichana mwingine kabisa. Msichana alikuwepo, farasi alikuwepo, ndoa ya kukimbiwa ilikuwepo. Kilichokosewa ni jina tu. Jojen Reed, kijana mwenye ndoto za kweli, naye aliota Bran na Rickon, wadogo zake Jon, wamekufa, nyuso zao zimechunwa. Miili ikapatikana kweli, ila ilikuwa ya watoto wa msaga nafaka. Katika vitabu hivi macho ya mwaguzi hayadanganyi. Ulimi wake ndio unaokosea, na ndiyo maana maneno yake nayawekea safu ya peke yake.

Zilizofungwa zinatufundisha nini

Kabla ya kugusa zilizo wazi nilizipitia zilizotimia, ili nijue mwandishi huyu hulipa deni lake kwa sarafu gani. Kikongwe wa High Heart, bibi mwotaji wa kilimani, katika A Storm of Swords ndiye shule bora kuliko wote. Kivuli chenye moyo unaowaka kinachomchinja kulungu wa dhahabu ni kifo cha Renly Baratheon, mwenye nembo ya kulungu, aliyeuawa na kivuli kilichozaliwa na Melisandre kwa ajili ya Stannis, kaka yake Renly. Mwanamke samaki anayeelea amekufa, kisha anafumbua macho, ni Catelyn, aliyezaliwa Tully, ukoo wa nembo ya samaki. Binti aliye karamuni na nyoka wa zambarau nywelini ni Sansa, binti wa Catelyn, na wavu wa nywele uliobeba sumu kwenye harusi ya Joffrey, mwana wa Cersei. Kwa hiyo mnyama, mara nyingi, soma nembo ya ukoo kwanza. Vitu vya mwilini, kama wavu wa nywele, soma kama vilivyo.

Kisha kuna njia ya tatu, ngumu zaidi. Melisandre alimwona Renly, katika deraya yake ya kijani, akilivunja jeshi la Stannis chini ya kuta za King's Landing, mji mkuu. Renly akauawa mapema, Stannis akadhani ameikwepa hatari. Siku ya vita vya Blackwater, vilivyopiganwa mjini hapo, Garlan Tyrell alivaa deraya ya Renly na jeshi likavunjika vilevile. Picha ilitimia kwa vazi. Kila mstari ulio wazi na wenye mtu anayetambulika kwa mavazi sasa nimeutia alama, kwa sababu mwandishi alishatumia mlango huo.

Binti yuleyule wa nyoka anaonekana tena akimuua jitu katili ndani ya ngome ya theluji. Wengi huufunga mstari huu kwa tukio la ngome ya Eyrie, Sansa alipojenga ngome ya theluji na mwanasesere wa mtoto Robert Arryn akararuliwa. Mimi nimeuandika "nusu". Ngome ipo na jitu la kitambaa lipo, lakini nembo ya babu yake Petyr Baelish, anayemficha Sansa, ni kichwa cha Titan wa Braavos, sanamu ya jitu, na mahali mwandishi alipotumia nembo mara nyingi hivyo, mstari huu haustahili kufungwa haraka.

Maggy na Cersei

Sura ni Cersei VIII katika A Feast for Crows. Hapa nimekata mistari sita.

Kuolewa na mfalme badala ya mwana wa mfalme: imefungwa, alimkosa Rhaegar akampata Robert. Kifo cha Melara, msichana aliyekwenda na Cersei kwa Maggy: imefungwa, aliishia kisimani. Mstari huu unapuuzwa mno, ilhali ndio unaothibitisha kwamba Maggy anaona kweli. Watoto 16 wa mfalme na watatu wa malkia: watatu tunawajua, lakini vitabu havijawataja kwa majina wana wote wa nje wa Robert, hivyo 16 haihesabiki na nimeandika "nusu".

Mataji ya dhahabu na sanda za dhahabu: Joffrey amekwenda, Tommen na Myrcella wako hai mwishoni mwa A Dance with Dragons. Tatizo ni taji la Myrcella. Arianne Martell, binti wa mtawala wa Dorne, alijaribu kumtawaza akashindwa, kwa hiyo ama atatawazwa baadaye, ama taji ni nywele zake za dhahabu. Sifungi.

Malkia mwingine, mdogo na mzuri zaidi: Cersei anamtaja Margaery, mke wa Tommen. Hiyo ni safu ya sita, si ya tano. Angalieni jinsi hofu inavyofanya kazi: ili ammalize Margaery, Cersei anairudishia Imani, yaani taasisi ya dini, silaha zake, na Imani hiyohiyo inamtia yeye ndani. Utabiri unaomwogopesha ndio unaomsukuma kuutimiza. Daenerys, malkia wa majoka aliye ng'ambo ya bahari, anabaki mgombea mzito, lakini ushahidi wa maandishi haujamfikisha.

Mwisho ni valonqar, yaani mdogo wa kiume kwa Kivalyria cha Juu, atakayemkaba koo. Cersei anamwogopa Tyrion, mdogo wake. Jaime ni pacha aliyezaliwa nyuma yake, hivyo anafaa kwa kipimo kilekile. Maggy hakusema "mdogo wako", na hilo linaacha mlango wazi kwa mdogo wa mtu yeyote. Jambo moja liko thabiti: mpangilio. Machozi yanamzamisha kwanza, mikono inafuata. Nadharia yoyote inayomwua Cersei watoto wawili wakiwa hai naikataa.

Pale nilipokwama: tatu za Wasiokufa

Sura ni Daenerys IV katika A Clash of Kings, ambamo Wasiokufa, wachawi wa mji wa Qarth, wanamtabiria Daenerys: mioto mitatu, vipando vitatu, usaliti mara tatu, kwa damu, kwa dhahabu na kwa mapenzi. Kila mtu humweka Mirri Maz Duur, mganga aliyemdhuru Drogo, mume wa Daenerys, kwenye damu. Lakini maneno yote yanazungumzia mambo yajayo, na Mirri alikwisha kumsaliti Daenerys na kufa kabla Daenerys hajafika Qarth. Moto wa kumchomea Drogo nao uliwaka kabla. Ukianza kuhesabu siku ya utabiri, Mirri na moto ule wote wanaanguka. Ukianza nyuma, lazima ueleze kwa nini wakati ujao umetumika. Cha kuwatetea wanaoanza nyuma ni kwamba maono ya nyumba ileile yanachanganya nyakati: Rhaegar akiwa na mtoto wake mchanga yumo, na hayo yalipita zamani.

Usaliti wa dhahabu una wagombea wawili. Jorah, mlinzi wa Daenerys, alimpelekea Varys, mkuu wa wapelelezi, habari, ila alichokuwa akikitafuta zaidi ni msamaha. Brown Ben Plumm, askari wa kukodiwa, alihamia kwa Yunkai, maadui wa Daenerys, kwa hesabu ya faida, na ndiye anayekaa vizuri zaidi, hasa kwa wanaohesabu kuanzia Qarth. Nimefungua majedwali mawili sambamba badala ya kuchagua.

Mstari uliopinda

Quaithe, mwanamke mwenye barakoa anayetabiri, katika A Dance with Dragons, anamwonya Daenerys juu ya wanaokuja: farasi jike aliyepauka, kisha kraken na mwali wa moto mweusi, simba na grifini, mwana wa jua na joka la waigizaji. Farasi ni ugonjwa wa kuhara damu. Kraken ni Victarion, mwenye nembo hiyo, mwali ni kuhani Moqorro, simba ni Tyrion, mwana wa jua ni Quentyn, mwana wa mtawala wa Dorne. Grifini ni Jon Connington na joka ni kijana Aegon, anayedai kuwa mwana wa Rhaegar, lakini hawa wawili hawakufika. Tyrion alimshawishi Aegon ageukie Westeros. Nimeongeza hali ya nne, "imepinda", kwa mstari ambao watabiriwa walikuwa njiani kweli wakabadili nia. Ikiwa hili linawezekana mara moja, tabiri zote za safari zinapaswa kusomwa upya, na kwangu huu ndio ugunduzi wenye thamani kuliko yote kufikia sasa.

Kinachoharibu hesabu

Tamthilia ya televisheni, iliyokwisha 2019, haingii. Iliutoa utabiri wa valonqar kabisa na ikabadili idadi ya watoto wa mfalme kuwa 20. Muhtasari wa Martin wa 1993, uliovuja 2015, ulipanga vitabu vitatu tu, na mengi yake yaliachwa. Unaonyesha kwamba mpango hubadilika, ndiyo maana mwaka wa kitabu uko safu ya kwanza: utabiri wa 1998 uliandikwa kabla mwandishi hajalitupa wazo lake la kuruka miaka mitano kwenye hadithi. Sura za mfano za The Winds of Winter zinakaa kwenye karatasi ya pembeni, kwa kuwa rasimu inaweza kusahihishwa.

Kinachofuata ni onyo jingine la Quaithe, msimamizi mwenye manukato. Reznak mo Reznak, mshauri wa Daenerys, ananukia na ni msimamizi. Varys ananukia. Na meli Selaesori Qhoran, iliyombeba Tyrion, Jorah na Moqorro, jina lake linabeba maana karibu ileile. Nitaanza na meli, kwa sababu ndiyo pekee kati ya watatu iliyowaleta upande wa Daenerys watu waliomo kwenye orodha yake mwenyewe Quaithe.