Dereva haonji

Kura ya udereva iliniangukia mimi, kwa hiyo wiski ya Talisker, pale kiwandani Carbost kisiwani Skye, niliinywa kwa pua. Tangu Desemba 2014 kikomo cha pombe kwa dereva wa Uskoti ni miligramu 50 kwa kila mililita 100 za damu, sikutaka kubahatisha. Wenzangu wakagonga glasi, mimi nikaondoka na kichupa changu cha wiski mfukoni, cha kunywa baadaye.

Lakini ghalani! Mapipa ya mwaloni yamelala gizani, hewa tamu yenye moshi. Kila mwaka karibu asilimia 2 ya wiski hugeuka mvuke na kupotea hewani. Wanaiita fungu la malaika. Malaika hawaendeshi gari, bila shaka.

Kurudi, barabara nyembamba ya kupita gari moja, mvua ya rasharasha, na kondoo kajilaza katikati, anacheua, hana habari na honi yangu.