Kumbe ukuta nao unakula mwanga

Jamani mafundi wenzangu, juzi nimeshusha DIALux evo mpya, ile programu ya kupanga taa za jengo, hapa Kigoma, bando lote likaisha ila sijutii. Wajerumani wanaitoa bure, na siku hizi inapokea faili la IFC, yaani mchora ramani akikutumia jengo lake la 3D unaliingiza tu na kuta na madirisha yake, mi zamani nilikuwa nakesha nachora upya chumba kimoja kimoja mpaka macho yanauma.

Basi nikaijaribu na ofisi moja hapa mtaani Mwanga. Nikapanga taa 6 za LED, ikaja ile picha ya rangi rangi ya kuonyesha mwanga ulivyosambaa, wastani umepita lux 500 (lux ndo kipimo cha mwanga unaofika mezani) ambazo kiwango cha Ulaya cha taa, EN 12464-1, kinataka kwa mtu wa kusoma na kuandika ofisini. Nikajiona injinia!

Kufika saiti nakuta tajiri kashapaka kuta kahawia iliyokolea 😭 na programu yenyewe ilishajiwekea dari inarudisha mwanga 70%, ukuta 50%, sakafu 20%, mi sikugusa kitu. Nikashusha ukuta mpaka 10%, lux nazo zikaporomoka, hapo ndo nikamwambia taa ziongezwe mbili akaniangalia kama nataka hela ya samaki mgebuka.

Nikamfungulia laptopu aone mwenyewe. Eti, "We fundi, hapo pekundu ndo patawaka moto?" Nimecheka hadi basi. Taa moja kakubali, ya pili kasema tutaona mwisho wa mwezi.