Jino lilipoacha kuuma ndipo nilipokwenda kutibiwa mzizi

Watu wengi ninaofahamiana nao hapa Morogoro humwendea daktari wa meno kwa jambo moja tu, kung'oa, na huenda siku ile ambayo maumivu yamewashinda kabisa. Mimi nilikwenda wakati jino halinisumbui tena, na nadhani ndiyo sababu hadi leo ninalo gego la kutafunia makande.

Lilikuwa gego la kwanza la chini upande wa kulia, lile ambalo huota mtoto anapokaribia miaka 6 na hivyo hukutana na sukari mapema kuliko magego mengine ya ukubwani. Lilianza kwa kunishtua ninapokunywa maji baridi, baadaye likawa haliivumilii hata chai ya moto, kisha likafikia kupwita usiku kucha, hasa nikishalaza kichwa. Halafu, pasipo dawa yoyote ya maana, likatulia. Shangazi yangu alifurahi sana. "Limeshapona hilo, mwanangu, usiende kulichokoza," aliniambia. Sikumbishia, kwa kuwa shangazi habishiwi, lakini tundu nilikuwa nikilipapasa kwa ulimi kila siku na halikuwa limezibika lenyewe.

Kliniki niliyokwenda, daktari hakuanza na koleo. Aliweka pamba iliyopuliziwa dawa ya baridi kali kwenye jino la jirani. Nilishtuka, na pamba ilipoondolewa ubaridi ukaisha papo hapo, kama jino zima linavyotakiwa kujibu. Alipoiweka kwenye gego lenyewe sikuhisi chochote. Kisha akaligonga kidogo kwa mpini wa kioo chake, na hapo mabega yalinipanda yenyewe. Picha ya eksirei ilionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, mahali ambapo mfupa ulikuwa umeanza kuliwa. "Mama, jino likifa halilii," alisema. "Linaoza kimya."

Alinieleza kwamba ndani ya kila jino mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria wakiifikia huvimba, na kwa kuwa imefungiwa ndani ya kuta ngumu haina pa kutanukia, ndiyo maana maumivu yake ni makali kiasi kile. Ikishakufa, maumivu hukoma, lakini bakteria hubaki humo wakishuka hadi kwenye mfupa. Hii pia ndiyo sababu ya vidonge vya amoksilini vinavyouzwa dukani kutoliponya jino la aina hii: dawa husafirishwa na damu, na humo ndani damu haifiki tena. Vidonge vina kazi yake pale uvimbe unapoenea au homa inapopanda, na hata hapo shina la tatizo hubaki ndani ya jino. Mtu akivimba hadi chini ya taya au shingoni, akishindwa kumeza au kupumua vizuri, asisubiri kliniki ya meno ifunguliwe; aende hospitali saa hiyo hiyo.

Kung'oa kungekuwa rahisi kwa mfuko kuliko kutibu mzizi, yaani kusafisha mifereji iliyomo ndani ya mizizi ya jino na kuijaza, na sitamlaumu anayechagua hivyo. Mimi nilizingatia kwamba pengo la gego la kwanza hufanya jino la nyuma lilalie mbele na la juu lishuke kutafuta mwenzake. Kabla ya kukubali nilimwuliza daktari kama ukuta wa jino uliobaki unatosha kubeba kofia, yaani ganda gumu la kulifunika jino, kama bei aliyonitajia inajumuisha kofia hiyo, na kama atatumia mpira wa kukinga mate. Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote, kwa sababu jino lililopasuka hadi mzizini, au lililobaki kisiki kisichoshikika, halifai kugharimiwa.

Sindano ya ganzi ilipigwa nyuma kabisa ya taya, na baada ya muda mdomo na nusu ya ulimi vikafa ganzi. Moyo ulinienda mbio kidogo, jambo ambalo daktari alikuwa amenitahadharisha, kwa kuwa ganzi nyingi huchanganywa na adrenalini. Mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo au mjamzito aseme mapema. Juu ya jino alitandaza kipande chembamba cha mpira chenye tundu, jino pekee likachomoza. Mpira ule unaudhi, lakini huzuia mate yenye bakteria yasiingie ndani na huzuia vifaa na dawa visishuke kooni. Nilielewa umuhimu wake niliposikia harufu ya jiki, kwani mifereji ya mizizi huoshwa kwa hipokloraiti ya sodiamu, dawa ile ile iliyomo kwenye jiki, ikiwa imepimwa kwa matumizi hayo. Asije mtu akaijaribu nyumbani.

Gego kama langu kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu, wakati mwingine minne, na kila mmoja husafishwa kwa visindano vya chuma vyenye makali, hadi karibu na ncha ya mzizi. Mifereji miwili ilipita bila shida. Wa tatu ulinichoma ghafla, kumbe ndani yake mlikuwa na mshipa ambao haujafa bado. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nitainua mkono wa kushoto. Niliuinua, akasimama, akaongeza ganzi, tukaendelea. Kuvumilia kimya kwenye kiti kile hakuna sifa yoyote.

Siku hiyo mifereji iliwekewa dawa na jino likazibwa kwa muda kwa mchanganyiko wa oksidi ya zinki na mafuta ya karafuu, hivyo kwa siku kadhaa kila nilichokula kilinukia pilau. Lilikuwa likiuma nikiliumia, nikatumia ibuprofeni kama nilivyoelekezwa, na likatulia. Daktari alisema wagonjwa wengi hupotelea hapa hapa: maumivu yameisha, fedha inatafutiwa kazi nyingine, kizibo cha muda kinamomonyoka, na bakteria wanarudi kwenye mifereji iliyosafishwa kwa taabu.

Nilirudi. Mifereji ilijazwa gataperka, utomvu mgumu wa mti unaoota Kusini-Mashariki mwa Asia, kisha jino likazibwa vizuri na baadaye likavishwa kofia, kwa kuwa gego lililochimbwa kiasi kile huweza kupasuka likitafuna bila kofia. Siku ya kofia niliuma karatasi ya rangi mara nyingi ili sehemu zilizozidi zisuguliwe, na sikuinuka kitini hadi nilipohisi pande zote mbili zinagusana sawa.

Kivuli kwenye mfupa hakikuondoka mara moja, kwani mfupa huchukua miezi mingi kujijenga upya, hata mwaka na zaidi. Picha ya baadaye ilionyesha kimepungua sana, na daktari ametaka tulitazame tena. Picha zote nimeziomba na ninazihifadhi mwenyewe, kwa kuwa daktari yeyote atakayeligusa jino hili siku za mbele atahitaji kulinganisha.