Kufundisha mbwa ukiwa na mtoto mchanga

Mwenye mtoto mchanga hana saa nzima ya kumfundisha mbwa, wala haihitaji. Mbwa hushika somo vizuri kwa vipindi vya dakika mbili tatu, mara nne hivi kwa siku. Dakika hizo zimo ndani ya siku ya mtoto mwenyewe: uji unapopoa, unapomnyonyesha, unapombeba mgongoni asinzie.

Wengi hungoja mtoto alale ndipo wamkumbuke mbwa. Mtoto akiwa macho mbwa anaambiwa "toka hapa". Akilala, mbwa anaitwa na kupapaswa. Mbwa anaelewa upesi kwamba mtoto akiwapo, yeye hana raha. Fanya kinyume chake: utamu wote utoke mtoto akiwa macho.

Utamu wenyewe ni maini. Chemsha robo kilo bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Kata vipande vya ukubwa wa haragwe, vigawe katika vifuko, uweke kwenye friza. Vipande sita vinatosha kipindi kimoja. Ukizidisha ataharisha.

Somo la kwanza ni "mahali". Tandika gunia hatua tatu kutoka unapokaa kunyonyesha. Tupa kipande juu yake. Mbwa akikanyaga gunia kwa miguu yote minne, sema "safi" papo hapo, umpe kingine. Akishaanza kwenda mwenyewe, ndipo uweke neno: "mahali", mara moja tu. Ukilirudia mara tano, unamfundisha kungoja la tano. Kisha mlaze, na kipande kiwekwe guniani katikati ya miguu yake ya mbele, si mkononi mwako, la sivyo atainuka kukifuata. Anza na sekunde tano, kumi, ishirini, halafu mwachie kwa neno "haya". Akiinuka kabla ya neno, umeongeza muda haraka mno, rudi ulipokuwa. Na ukiongeza umbali, punguza muda. Viwili havipandi pamoja.

Mbwa wakiwa wawili, fundisha mmoja, mwingine awe bandani na mfupa mbichi. Wakiwa pamoja watagombania maini, na ugomvi karibu na mtoto ndio hasa tunaoukwepa. Maneno nayo yawe ya nyumba nzima: baba akisema "mahali", dada wa kazi akisema "lala kule", mbwa hana kosa akichanganyikiwa. Yaandikeni ukutani jikoni.

Mtoto akianza kutambaa, mambo hubadilika. Mbwa aliyemzoea mtoto wa kubebwa anaona kiumbe kipya kinachomjia usoni. Tazama dalili ndogo za wasiwasi wake: kulamba midomo pasipo chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa, weupe wa jicho kuonekana, mwili kukakamaa. Ukiona hayo, mwondoe mtoto kwanza. Mbwa akinguruma, usimpige. Kunguruma ni onyo. Ukilifuta, siku nyingine atauma bila kuonya. Na hata mbwa mpole kiasi gani, yeye na mtoto wasibaki peke yao, hata kwa muda wa kwenda kuchukua nepi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo, kwa kawaida kila mwaka. Dawa ya minyoo mpe kila miezi mitatu. Zoa kinyesi uani kila siku: mayai ya minyoo mingi ya mbwa huchukua siku au wiki kadhaa udongoni kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, na mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni. Mtoto akiumwa na mbwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wenu na amechanjwa.