Kukata keki ya harusi yenye fondanti bila kuipasua

Maharusi wakishakata kipande chao cha picha, ipeleke keki nyuma, kwenye meza isiyotikisika. Kinachofuata hakipendezi machoni.

Anza kwa kuishusha, ghorofa ya juu kwanza: pitisha kisu bapa chini ya kadibodi yake, inyanyue, iweke pembeni. Usikate ghorofa ikiwa bado imekalia nyingine, maana uzito wa mkono unaweza kusukuma vijiti vinavyoibeba na kuipasua ya chini. Muulize mwokaji aliweka vijiti vingapi, na uvihesabu vikitoka. Ondoa pia utepe, pini na maua yenye waya.

Kisu kiwe kirefu, chembamba, chenye meno madogo. Kosa kubwa ni kukandamiza: fondanti, yaani ganda laini la sukari linalofunika keki, inadidimia, inachanika, na krimu inafumukia pembeni. Kereza taratibu mpaka ngozi ya fondanti ikatike, ndipo ushuke moja kwa moja hadi chini. Kila baada ya mkato, chovya kisu kwenye jagi la maji moto na ukikaushe kabisa, kwani maji yanayobaki huyeyusha sukari na mkato unaofuata unanata.

Keki iliyotoka sasa hivi kwenye friji inasumbua zaidi. Krimu ya siagi inakuwa ngumu, na fondanti inatoka jasho. Iache ndani ya boksi lililofungwa kwa muda wa saa mbili hivi, ili unyevu ukae kwenye boksi badala ya keki. Jasho likitokea, usilifute, hasa kwenye rangi nzito, litakauka lenyewe. Yenye krimu ya maziwa au kastadi ndani haifai kungoja hivyo: ikate mapema.

Kipande cha kawaida ni sentimita 2.5 kwa 5, kwa keki ya kimo cha sentimita 10. Keki ya duara usiikate pembetatu kama ya siku ya kuzaliwa, kwani vipande virefu vyembamba huanguka. Kata duara sentimita 5 kutoka ukingoni, gawanya pete hiyo kila sentimita 2.5, kisha rudia ndani. Ya upana wa sentimita 20 hutoa vipande kama 24, ya 25 kama 38, ya 30 kama 56. Keki nzito ya matunda hutosha kwa 2.5 kwa 2.5.

Wapo wageni watakaobandua fondanti na kuiacha kwenye sahani. Waachie uamuzi huo. Ukiibandua jikoni, keki inakauka kabla haijawafikia. Kwa sababu hiyohiyo, ghorofa ya pili isiguswe kisu mpaka sahani za ya kwanza ziwe zimeondoka.