Chan, Chen, Tan: ukoo ni mmoja

Hapa Unguja ukitaja Chan watu wote wanakwambia Jackie Chan, na cha ajabu yeye kwa asili si Chan, babake alikuwa wa ukoo wa Fong akabadilisha jina. Ila leo nataka kusema na wale wanaoshikilia kwamba Chan na Chen ni koo mbili. Hapana jamani, kwa Kichina herufi ni ile ile 陳, wanaosema Kikantoni kule Guangzhou na Hong Kong wanatamka Chan, Beijing wanasema Chen, waliotoka kusini mwa Fujian wakahamia Singapore wanaandika Tan na ukifika Vietnam ndo Trần.

Sisi Wazanzibari ndo wa mwanzo kulielewa hili. Harthi, Harthy, El-Harthy, nyumba moja hiyo, cheti cha baba kimeandikwa hivi paspoti ya mtoto vile, inategemea karani kasikiaje. Kwa Wachina imezidi kwa sababu kila lahaja ina matamshi yake. China ilipitisha pinyin, yaani namna ya kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini kwa matamshi ya Beijing, mwaka 1958, na baadae China bara yote ikawa Chen kwenye makaratasi, Hong Kong wakati huo iko chini ya Mwingereza, wakabaki na Chan yao mpaka leo. Kwa hiyo hawa madaktari wa mkoa wa Jiangsu, China, wanaokuja Mnazi Mmoja na Mkoani tangu 1964, mwenye ukoo huu atajiandika Chen, na hata Mkantoni wa Guangzhou paspoti yake itasema Chen ingawa nyumbani kwao anaitwa Chan.

Asili yake ndo inanivutia zaidi. Zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mfalme Wu wa Zhou alimpa ardhi mtu aliyehesabiwa kizazi cha Shun, mtawala wa kale sana, ardhi yenyewe iko Huaiyang, Henan, ikaitwa Chen. Baadae dola ya Chu ikaimeza, nchi ikapotea lakini watu wakaendelea kujiita kwa jina lake. Kuna mwana wa mtawala wa Chen alikuwa keshakimbilia dola nyengine ya Qi mwaka 672 KK, ukoo wake ukageuka Tian, na vizazi vyake wakaja kuuchukua ufalme wote wa Qi! Yaani kuna kina Tian ambao shina lao ni hilo hilo.

Na ukoo wameushika kweli, wenye jina hili kutoka wilaya 72 za Guangdong walichangishana wakajenga jumba la ukoo Guangzhou, likamalizika miaka ya 1890, lipo mpaka sasa.

Ila usione Tan ukasema huyu Chan. Tan wa Singapore sawa, lakini Tan wa Beijing anaweza kuwa 譚, ambao Hong Kong wanaitwa Tam, ukoo mwengine kabisa. Mwombe akuandikie herufi yake, hapo ndo utajua.